Marubani wa sarakasi za angani: je, ni kweli hawaogopi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina umri wa miaka 24, nina leseni ya kurusha ndege ndogo na nimetimiza saa 90 angani. Juzi nilikwenda kutazama maonyesho ya ndege. Rubani mmoja alipita juu ya njia ya kurukia kichwa chini miguu juu, kisha akapanda wima mpaka ndege ikasimama kabisa, ikageukia ubavu na kurudi chini pua mbele. Watu walipiga mayowe, mimi mikono ilinitetemeka. Tangu siku ile natamani nami nifanye vile. Mama anasema wale ni watu waliochoka kuishi. Je, hawana hofu? Wanapata raha gani hasa? Na mtu kama mimi, ambaye hutapika hata ndani ya boti, anaweza kujifunza?

Jibu: Marahaba. Nianze na hilo la mama, maana ndilo zito. Nimefundisha mchezo huu kwa miaka mingi, na mpaka leo nikikaza mikanda tumbo hunibana kidogo. Hofu ninayo. Wanafunzi wangu wazuri wote wanayo. Aliyenitia wasiwasi kuliko wote alikuwa kijana mmoja aliyeniambia siku ya kwanza kwamba haogopi chochote. Nilimrudisha kwenye masomo ya kawaida kwa miezi kadhaa, kwa sababu asiyeogopa hasikii ndege inapomwonya.

Kuhusu raha, sina njia nyingine ya kukueleza ila nikuingize ndani ya kitanzi kimoja, kile cha duara la wima ambacho ndicho cha kwanza tunachofundisha.

Kabla ya yote unageuza ndege kulia, kisha kushoto, kuhakikisha hakuna mwingine angani jirani yako, hasa chini. Mikanda imekazwa mpaka inauma mapajani. Mfukoni hakuna sarafu, kalamu wala funguo, kwa kuwa kitu kidogo kikidondoka kinaweza kwenda kukwama kwenye nyaya za usukani. Unainamisha pua, mwendo unapanda, upepo unaanza kupiga mluzi kwenye kioo. Unabana misuli ya miguu na tumbo, kisha unavuta fimbo ya kuongozea ndege, taratibu lakini kwa dhati. Uzito unakuja. Mashavu yanavutwa chini, mkono unakuwa kama wa mtu mwingine. Mbele huoni kitu ila mbingu, kwa hiyo hutazami mbele. Unatazama ncha ya bawa la kushoto jinsi inavyozunguka juu ya upeo wa macho, nayo ndiyo inayokuambia kama unakwenda sawa au umepinda.

Ukikaribia kileleni mwendo umekwisha karibu wote, na hapo mgeni hukosea. Akiendelea kuvuta kwa nguvu ileile aliyoanzia, kitanzi kinabanwa juu na kuwa na umbo la yai. Inakubidi ulegeze mkono, uache ndege ielee. Kwa muda wa pumzi moja huna uzito, vumbi la sakafuni linapanda mbele ya macho yako, nawe unalaza kichwa nyuma kuitafuta ardhi, ambayo sasa ni dari. Kisha pua inashuka, ardhi inajaa kioo kizima, unavuta tena, na uzito unarudi.

Ikiwa kila kitu kimekwenda vizuri, pale chini unapomalizia ndege inapigwa kishindo kidogo, kama gari linalovuka tuta barabarani. Kile ni hewa uliyoivuruga mwenyewe ulipopita sekunde chache zilizotangulia. Umerudi palepale ulipoanzia. Hata upepo ukiwa mkali haidhuru, kwa sababu wewe na hewa yako iliyovurugika mnapelekwa pamoja. Mtazamaji aliyeko chini hauoni mtikisiko ule kamwe. Lakini ukiniuliza ni kitu gani kilichonifunga kwenye mchezo huu maisha yangu yote, ni ule mtikisiko. Mara ya kwanza nilipoupata nikiwa peke yangu nilipiga kelele kama mtoto, na hapakuwa na mtu wa kunisikia.

Kwa hiyo raha ipo, na ni kali. Moyo unakwenda mbio, rangi za ardhi zinakuwa nzito, unatua ukiwa na njaa na hamu ya kuongea na kila mtu. Ila haitokani na kuponea chupuchupu. Inatokana na kitu kigumu kufanyika jinsi ulivyokusudia. Katika mashindano, waamuzi huanza na alama 10 kwa kila umbo unalochora angani, na ukikosea pembe kwa nyuzi 5 tu wanakata nusu alama. Yote hayo hufanyika ndani ya sanduku la kuwaziwa angani lenye upana wa mita 1,000 kila upande. Maumbo yenyewe huandikwa kwa alama za mistari na vishale zilizobuniwa na Mhispania José Luis Aresti, na rubani hubandika karatasi ya mfuatano wake mbele yake kati ya vipimo vyake. Ukifika uwanjani asubuhi ya mashindano utawakuta watu wazima wakitembea peke yao kwenye nyasi, macho nusu yamefumbwa, viganja vikipinda na kugeuka hewani kama wanaocheza ngoma isiyo na mlio. Wanarusha ndege kichwani. Sijawahi kumwona bingwa aliyeruka hatua hiyo.

Yule uliyemwona akisimama angani naye alikuwa kwenye hesabu hiyohiyo. Ndege haikusimama hasa. Kabla mwendo haujaisha kabisa, alikanyaga pedali hadi mwisho. Pangaboi bado ilikuwa inasukuma hewa kwenye usukani wa mkia, na hiyo ndiyo iliyoigeuza. Akichelewa, ndege inateleza kinyumenyume. Akiwahi, inachora tao pana na waamuzi wanamkata. Nafasi ya kukanyaga ni fupi, nayo haionekani kwenye kipimo chochote: husikika kwenye matako na masikioni.

Sasa nikurudishe nyuma kidogo, maana mama yako akijua mchezo huu ulikotoka huenda akautazama kwa jicho jingine. Tarehe 9 Septemba 1913, karibu na Kyiv, ofisa wa jeshi la Urusi aitwaye Pyotr Nesterov alipiga kitanzi cha kwanza kinachojulikana, akitumia ndege ya Nieuport. Alikuwa ameshakokotoa kwa kalamu kwamba inawezekana, na wenzake hawakuwa wakimwamini. Alishikilia kwamba hewa humbeba rubani kila upande, si akiwa wima tu, na kwamba rubani asiyejua hivyo atakufa siku ndege itakapopinduliwa na dhoruba. Wakubwa wake walimpa siku 10 za kizuizini kwa kuhatarisha mali ya serikali. Baadaye walimpandisha cheo.

Majuma hayohayo Mfaransa Adolphe Pégoud alikuwa akifika palepale kwa njia yake. Tarehe 19 Agosti aliruka kwa parachuti kutoka kwenye ndege kuukuu ya Blériot, na alipokuwa akining'inia aliitazama ikiendelea peke yake, ikijipindua na kujiweka sawa bila mtu. Akajiuliza: kama yenyewe inaweza, mimi nikiwa ndani nashindwa nini? Aliagiza ndege ipinduliwe juu ya magogo ndani ya banda, akajifunga humo kichwa chini ili mwili uzoee. Tarehe 1 Septemba aliruka akiwa amepinduka, na tarehe 21 akapiga kitanzi mbele ya watu. Yale magogo ya bandani ndiyo ninayotaka uyakumbuke.

Kuna jambo jingine tulilorithi kutoka enzi hizo ambalo hata rubani wa abiria analitegemea. Bawa hubeba ndege kwa kuikata hewa kwa pembe ndogo. Pembe ikizidi nyuzi 15 au 16 hivi, hewa hujitenga na mgongo wa bawa, na bawa huacha kubeba. Ikiwa bawa moja limeacha zaidi ya jingine, ndege huanguka ikizunguka kama pia. Mwanzoni kuzunguka huko kulikuwa kifo. Kila silika ya mwili inakwambia vuta fimbo uinue pua, na kuvuta ndiko kunakokuua. Agosti 1912 Mwingereza Wilfred Parke alijikuta humo, akajaribu kila kitu, na alipokuwa karibu kabisa na ardhi akakanyaga pedali kinyume na mzunguko. Ndege ikatulia, naye akaishi kusimulia. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia mwanasayansi Frederick Lindemann alijifunza urubani, akaipeleka ndege kwenye mzunguko huo kwa makusudi huku akisoma vipimo, ili sababu zake zijulikane. Leo mwanafunzi wangu hujifunza kwa saa chache: punguza injini, weka fimbo katikati isilalie kulia wala kushoto, pedali kinyume, kisha fimbo mbele, mzunguko ukikoma rudisha pedali katikati na uinue pua taratibu. (Kila ndege ina kitabu chake, na cha ndege yako ndicho unachofuata.) Hata usipotaka kamwe kuruka kichwa chini, ninakusihi ujifunze hili. Saa 90 ulizonazo ni umri ambao rubani anaanza kujiamini kabla hajajua ndege yake inafanya nini inapokasirika.

Nimesifu vya kutosha. Hatari zipo, na mbili nitazikalia kidogo.

Ya kwanza ni mwili wako. Uzito wa kawaida tunauita G moja. Ukivuta G nne, mtu wa kilo 70 anakuwa wa kilo 280, na damu yake nayo inakuwa nzito hivyohivyo, inakimbilia miguuni. Macho ndiyo hutangulia kulalamika: rangi zinafifia, kisha unaona kama unachungulia kwenye bomba, kisha giza, na mwisho fahamu zinakutoka. Mwaka wangu wa pili niliwahi kupiga vitanzi mfululizo nikiwa nimechoka na sijanywa maji tangu asubuhi. Kwenye cha nne nilisahau kubana miguu. Nilikiona kipima mwendo kikibaki peke yake katikati ya weusi, kama mwezi. Nililegeza fimbo, mwanga ukarudi, nikaenda kutua kimya. Ningeendelea kuvuta kwa sekunde mbili tatu nisingekuwa hapa. Rubani akizimia hivyo huwa hana fahamu kwa wastani wa sekunde 12, na zikirudi hubaki amechanganyikiwa kwa muda kama huo. Ndege ya kilomita 300 kwa saa inakuwa imekata kilomita moja kabla hajafumbua macho. Mbaya zaidi ni kuvuta fimbo mara tu baada ya kuisukuma mbele: mwili uliokuwa kichwa chini umeshaiambia mishipa itanuke na moyo upunguze kasi, na ghafla unaudai kinyume chake. Ndege ya mashindano kama Extra 300 imejengwa kustahimili G 10 ikiwa na rubani mmoja, kwenda juu na kwenda chini. Wewe hukujengwa hivyo. Utalegea kabla ya bawa.

Ya pili ni ardhi. Ukishahakikisha hakuna ndege nyingine, angani hakuna cha kugonga. Kinachoua ni kukosa kimo cha kurekebisha kosa. Mfano unaoniumiza ni wa Agosti 2015 huko Shoreham, Uingereza. Ndege ya zamani ya kivita aina ya Hawker Hunter iliingia kwenye kitanzi ikiwa na mwendo mdogo kuliko uliohitajika, ikafika kileleni kwenye futi 2,700 hivi badala ya angalau 3,500. Nafasi ya kutoka ilikuwa bado ipo pale juu: kuigeuza ndege kwa ubavu na kuondoka. Kitanzi kikaendelea, na nafasi ya chini haikutosha. Ndege ilianguka barabarani ikaua watu 11. Ndiyo maana kila mwanafunzi wangu huandika namba mbili kwenye karatasi kabla ya kupaa: mwendo wa kuingilia, na kimo cha kileleni. Kimo kisipotimia kileleni, umbo limekufa, unatoka. Hujadiliani na nafsi yako ukiwa kichwa chini.

Rubani uliyemwona chini vile alifika pale kwa ngazi. Alianza juu sana, akashushwa kidogo kidogo kwa miaka, kila hatua akitazamwa na mwenye uzoefu kuliko yeye. Hata katika mashindano ya dunia, daraja la juu kabisa lina sakafu ya mita 100, na madaraja ya chini yake hubaki juu zaidi.

Kipo na kitu cha tatu, na hiki hakimo kwenye vitabu vya mafunzo. Ni makofi. Mmarekani Lincoln Beachey alikuwa labda rubani aliyetazamwa zaidi duniani katika enzi yake. Mwaka 1913 alitangaza kuacha, akisema watu wanakuja kumwona akifa na kwamba vijana wanaomwiga wanakufa kwa ajili yake. Kisha akasikia habari za Pégoud na kile kitanzi. Hakuvumilia, akarudi. Machi 1915, mbele ya umati huko San Francisco, alipinduka akiwa na ndege mpya, akajikuta yuko chini mno, akavuta kwa nguvu, na mabawa yakavunjika. Alianguka baharini, na waliompasua walikuta amekufa kwa kuzama. Ninamheshimu sana Beachey, na ninamlilia, kwa sababu alilijua tatizo, akalitaja kwa kinywa chake, na bado likamzidi nguvu. Wapo watu waliozaliwa na kiu ya msisimko kuliko wengine. Mwanasaikolojia Marvin Zuckerman alitunga kipimo cha kiu hiyo tangu miaka ya 1960, na nadhani mimi na wewe tungepata alama za juu. Kiu hiyo si dhambi. Lakini jiulize kwa ukweli: ungetaka kufanya lile uliloliona hata kama pasingekuwa na mtu mmoja wa kutazama? Kama jibu ni ndiyo, njoo. Kama unasitasita, subiri mwaka mmoja.

Ukitaka rubani wa kuweka picha yake ukutani, mimi nakupendekezea Neil Williams. Juni 1970 alikuwa akifanya mazoezi Hullavington, Uingereza, kwa ndege ya Zlin, bawa la kushoto lilipovunjika kwenye kiungo chake cha chini na kuanza kukunjika kwenda juu. Hakuwa na parachuti. Akakumbuka kisa alichosikia cha rubani mwingine aliyepatwa na jambo kama hilo, akaipindua ndege kichwa chini, na hewa, ambayo sasa ililisukuma bawa kutoka upande wa pili, ikalirudisha mahali pake. Akaruka amepinduka mpaka uwanjani, akateremka amepinduka mpaka karibu aguse nyasi, kisha akaigeuza tumbo chini dakika ya mwisho na kuiangusha kwa tumbo. Akatoka akitembea. Kuruka amepinduka, ambako watazamaji hukuona kama mbwembwe, siku ile ndiko kulikompa nafasi ya kuishi.

Sasa tumbo lako. Hilo lisikukatishe tamaa hata kidogo. Kichefuchefu hutokea pale sikio la ndani linapotoa habari moja na macho habari nyingine, na karibu kila mtu hukipata mwanzoni, hata marubani wa miaka mingi. Hupungua kwa kurudiarudia kidogo kidogo. Ukikaa wiki kadhaa bila kuruka, hurudi. Mambo matatu yatakusaidia kuliko dawa: shika fimbo wewe mwenyewe, kwa kuwa anayeendesha huumwa mara chache kuliko anayebebwa, tazama nje mbali, usitazame vipimo, na simama kabla hujazidiwa. Somo la kwanza la maumbo mawili likiisha huku unatabasamu lina faida kuliko la maumbo 10 likiisha na mfuko mkononi. Kula chakula chepesi kabla, usiende na njaa, na kunywa maji.

Usianze na ndege uliyokodi ya kawaida. Ndege nyingi za mafunzo hazikujengwa kwa mchezo huu, na kabureta zake hukata mafuta zikipinduka. Za sarakasi zina bomba linaloning'inia ndani ya tangi na kufuata mafuta yanakokwenda, pamoja na mfumo wa kuhakikisha oili haiiachi injini. Tafuta mwalimu aliyeidhinishwa kufundisha sarakasi. Mwombe somo la kwanza liwe la bawa kuacha kubeba na la kuzunguka kama pia, kwenye kimo kikubwa, mkiwa na parachuti mgongoni na ukiwa umefundishwa chini jinsi ya kutoka nayo. Mwambie mapema kwamba ukisema "inatosha" mnarudi kutua mara moja. Akicheka au akikubembeleza uongeze kimoja tu, mshukuru, ulipe, utafute mwingine.

Mkishatua usiendeshe gari papo hapo. Kaa kivulini nusu saa mpaka kichwa kitulie. Na ukipenda kunieleza umeonaje, niandikie baada ya somo la tano. La kwanza huwalevya watu au huwatapisha, na vyote viwili havijaniambia kitu bado.